Mwembamba naye apimwe

Mhariri,

Makala za afya zikigusa uzito, anayesemwa ni mnene. Asemwe, sikatai: mafuta yanayozidi mwilini, hasa ya tumboni, huchangia kisukari aina ya pili, shinikizo la juu la damu, kiharusi, maradhi ya moyo, maumivu ya magoti na saratani kadhaa. Hayo wasomaji wenu wameshayasoma mpaka wameyazoea. Linaloniudhi ni kwamba mwembamba huachwa aende zake kama aliyefaulu mtihani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi, na milioni 390 walikuwa na uzito pungufu. Hao milioni 390 wanaandikiwa na nani? Kipimo ni kilekile: zidisha urefu wako wa mita kwa urefu huohuo, kisha gawa kilo zako kwa jibu. Kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ni uzito unaofaa. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 53 hafiki 18.5, na bado atasifiwa umbo.

Mwili usiolishwa vya kutosha hubana matumizi. Misuli huisha, kinga hulegea, vidonda huchelewa kupona. Mwanamke anaweza kukosa hedhi, na homoni ya estrojeni ikishuka mifupa nayo hupoteza uimara. Akishika mimba katika hali hiyo, hatari ya kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo huongezeka. Mzee aliyekonda akianguka, nyonga huvunjika kwa urahisi.

Ila kinachotakiwa kututia hofu zaidi ni kupungua bila kukusudia. Mtu wa kilo 80 akipoteza kilo 4 au zaidi ndani ya miezi 6 hadi 12, hali hajabadili mlo wala hajaanza mazoezi, daktari hutafuta sababu: huenda ni kisukari, kifua kikuu, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, sonona au saratani. Wenzake, wakati huohuo, wanampongeza na kumwuliza siri yake! Kwa sifa hizo, ataonaje haja ya kwenda hospitali?

Hesabu hiyo ya uzito na urefu, nikiri, haitofautishi misuli na mafuta. Ndiyo maana kiuno nacho hupimwa. Kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kupanda, hata mizani ikisema mambo ni shwari. Mwembamba mwenye kitambi asijidanganye.

Mkichapisha tena jedwali la uzito, Mhariri, msiikate safu ya walio chini ya 18.5. Na pembeni yake wekeni swali hili kwa kila msomaji: kama umepungua, ulikusudia?

Msomaji wenu