Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Maganda, Hewa na Penseli

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kusoma sayansi, walimu wenzangu, mafundi, na vijana wa vyuo mliorudi likizo: Assalamu alaykum, Bwana Yesu asifiwe. Mliotoka Masasi na Lindi kwa basi la alfajiri, poleni na safari, karibuni Mtwara.

Mwaka 2025 tulipanga vikao 12, tukafanya 9. Viwili viliangukia msimu wa korosho, na hakuna mwenye shamba atakayeuacha mnada aje kusikiliza habari za atomi. Kimoja tulikiahirisha kwa msiba wa mwenzetu, fundi redio wa Mikindani, Mungu amlaze mahali pema. Mnakumbuka alivyokuwa akimkatiza kila msemaji: "Sawa mwalimu, lakini inafanya kazi?" Ninaposimulia tuliyoyasoma mwaka huu, nalibeba swali lake.

Kikao kilichojaza darasa hadi watu wakakaa madirishani ni cha maganda ya korosho. Mafuta ya ganda tunayajua tangu utotoni. Anayebangua bila kupaka majivu vidoleni hutoka amebabuka. (Mwembe ni jamaa wa mkorosho, ndiyo maana utomvu wa embe bichi huwaunguza watoto midomo.) Mwalimu wetu wa kemia alieleza kwamba sehemu kubwa ya mafuta hayo yakiwa mabichi ni asidi anakadiki. Ukiipasha moto inaachia hewa ya ukaa, inabaki kadanoli. Kwa hiyo mama anayechoma korosho juu ya bati uani anafanya kemia ileile ya maabara, ila malipo yake ni moshi machoni.

Kadanoli ndiyo mali yenyewe. Ni pete ya kaboni 6 yenye mkia mrefu wa kaboni 15, na ufundi wote uko kwenye kuukata mkia huo. Mwaka 2012 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa St Andrews, Uskochi, walichapisha njia ya kuigeuza kadanoli kuwa dutu yenye harufu inayomvuta mbung'o, jamii ya harufu anayoifuata kwenye mkojo wa ng'ombe. Ukiiweka kwenye mtego wa kitambaa, mbung'o anakuja mwenyewe. Kisha mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, pamoja na wenzao wa Ujerumani, Malawi na Tanzania, walionyesha kwamba kutokana na mafuta hayohayo unaweza kuunda vichujio vya miale ya urujuanimno, vile vinavyotiwa kwenye mafuta ya kukinga ngozi na jua. Hapo mwanachama wetu mwenye ualbino alisimama akauliza bei. Hakuna aliyekuwa na jibu. Kutoka chupa ya maabara hadi kopo la dukani ni mwendo mrefu, na makala za kitaaluma huishia kwenye chupa.

Lakini sisi hapa hata kuianza safari hiyo hatujaianza, na sababu si uhaba wa wataalamu. Sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Tukilalamika tunataja punje peke yake. Ganda nalo limo ndani ya gunia, na kemia yote hii imo ndani ya ganda. Nimelisema hili kwenye vikao viwili mpaka mmenichoka, naliandika sasa ili libaki kwenye kumbukumbu.

Tuliandikia kiwanda kimoja kuomba maganda ya majaribio, hatukujibiwa. Tukapata sandarusi moja kwa akina mama wabanguaji, tukayakamua kwa jeki ya lori. Mavuno yalikuwa kikombe cha mafuta meusi na fundi mmoja aliyebabuka mkono kwa sababu alidharau glavu. Tuliyapaka kwenye benchi la nje. Yalichukua muda mrefu kukauka kuliko tulivyotabiri, ila mchwa mpaka leo hawajaligusa. Msiniulize kama ni mafuta au ni bahati. Benchi moja si utafiti.

Habari za tuzo za Nobeli zilitoka Oktoba. Ya kemia ilikwenda kwa Susumu Kitagawa wa Kyoto, Richard Robson wa Melbourne na Omar Yaghi wa Berkeley, kwa mifumo ya metali na kaboni yenye vyumba ndani yake, kama jengo ambalo molekuli zinaingia na kutoka. Walimu, sikieni hili la Robson. Mwaka 1974 aliagizwa kutengeneza vielelezo vya mipira ya mbao kwa ajili ya wanafunzi, akatobolesha matundu ya kuingizia vijiti, akagundua kwamba mahali tundu lilipo ndipo panapoamua umbo la jengo zima. Wazo lilianzia kwenye zana za kufundishia! Sisi zetu zinaliwa na panya stoo.

Yaghi alikulia Amman katika nyumba isiyo na maji ya bomba, na baadaye kundi lake likatumia unga wa mifumo hiyo kuvuna maji kutoka hewa ya jangwa la Arizona. Wenzetu wa Newala walinyanyuka vitini, maana wanaijua historia ya ndoo na mteremko kule juu ya uwanda wa Makonde. Inafanya kazi? Ndiyo, lakini katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, kilo moja ya unga ule ilitoa chini ya robo lita kwa siku. Baadaye walitumia alumini badala ya metali ya zirkoni, ambayo ni ghali, na mavuno yakaongezeka. Kwa sasa, watu wa Newala, msiuze pampu.

Ya fizikia, ya Clarke, Devoret na Martinis, kwa majaribio ya 1984 na 1985 ya saketi ya umeme inayopita "ukuta" ambao kwa sheria tulizozoea isingepita, tuliisoma kikao kizima na nakiri tuliielewa nusu. Tutairudia.

Tulifunga mwaka na kinywe, yale madini meusi yaliyomo kwenye risasi ya penseli, kwa kuwa kinachimbwa Ruangwa, jirani kabisa. Mwaka 2004 Geim na Novoselov wa Manchester walibandua kinywe kwa selotepu, tabaka baada ya tabaka, hadi wakapata karatasi ya unene wa atomi moja, na mwaka 2010 wakapewa Nobeli. Vijana wetu walirudia kwa risasi ya penseli. Walipata vidole vyeusi tu, kwa sababu penseli ina udongo ndani yake, na darubini ya shule isingewaonyesha kitu. Nimeomba kipande cha kinywe halisi kutoka Ruangwa. Aliyeahidi yumo humu ndani, anajijua.

Kwa mwaka 2026 napendekeza mambo mawili: tununue glavu za mpira na miwani kabla ya kukamua tena, na vikao vya Oktoba na Novemba vihamie Jumapili jioni, mnada usitushinde. Makamu anaomba kupumzika, hivyo nafasi yake itajazwa leo kwa kura. Wanaodaiwa ada sitawataja; orodha iko kwa mweka hazina, na sasa namkaribisha asome hesabu. Chai na mihogo viko nyuma, kwa utaratibu tafadhali.