Halmashauri za tumbaku ziitazame Fort Nelson

Mhariri,

Madiwani wetu wa Sikonge, Urambo na Kaliua hupenda kusifia ukubwa wa maeneo na wingi wa misitu. Huko Kanada, kaskazini mwa jimbo la British Columbia, ipo manispaa ya Northern Rockies, makao yake Fort Nelson. Ina takriban kilometa za mraba 85,000, inaupita mkoa mzima wa Tabora wenye 76,000 hivi. Watu wake hawafiki 5,000. Tabora peke yake sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 3.3.

Manispaa hiyo iliishi kwa mbao na gesi. Mwaka 2008 viwanda vyake viwili vikubwa vya mbao vilifungwa, ujenzi wa nyumba Marekani ulipoporomoka. Ikaja neema ya gesi ya miambani katika bonde la Horn River. Kazi ilikuwa ya msimu wa baridi, maana ardhi ya kinamasi ikiganda ndipo mitambo mizito hupita. Bei ya gesi iliposhuka, makampuni yakafunga virago. Mabomba ya maji na barabara vikabaki, na wa kuvilipia wakapungua. Bomba halijui kwamba watu wamehama; matengenezo yake ni yale yale.

Huko mrabaha wa gesi huchukuliwa na jimbo, manispaa ikategemea kodi ya majengo na mitambo. Kwetu mrabaha wa magogo ya hifadhi za taifa huenda Serikali Kuu, halmashauri zikategemea ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara, unaolipwa na mnunuzi.

Tupige hesabu ya mfano. Kilo ya tumbaku ikinunuliwa shilingi 5,000, halmashauri hupata 150. AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ikiuza kilo 400,000, hizo ni milioni 60. Mvua ikikatika, au mnunuzi akipunguza makisio ya ununuzi, kilo zikawa nusu, ni milioni 30. Lakini vibarua wa mkataba, mafuta ya magari na posho za vikao vilishapangwa kwa milioni 60. Hapo ndipo zahanati hubaki boma bila bati. Watasema mvua ni ya Mungu. Sawa, bajeti ni ya madiwani.

Dawa yake si ngumu. Matumizi ya kawaida yakadiriwe kwa wastani wa ushuru wa misimu mitano, siyo kwa msimu mzuri uliopita. Kinachozidi wastani kiende kwenye vitu vya mara moja tu, na cha kwanza tungependekeza kituo cha kukusanyia asali.

Kujenga kituo hicho bila kipima maji, yaani kifaa cha kupimia kiwango cha maji ndani ya asali, ni kujenga stoo. Sega livunwe likiwa limefunikwa nta angalau theluthi mbili. Asali ikizidi maji asilimia 20 huchacha ndoo ikiwa bado stoo, mfuniko ukavimba, na mnunuzi akaikataa shehena nzima. Kipima maji hutumia tone moja tu, kwa hiyo kila ndoo ipimwe mlangoni kabla ya kuchanganywa. Madumu yaliyobeba dawa za tumbaku yasionekane kituoni hata yakiwa yameoshwa. Mizinga ikae kilometa tatu au zaidi kutoka mashamba yanayopigwa dawa. Mizinga ya magome ipunguzwe kwa kukopesha ya mbao, maana mti wa mtundu ukivuliwa gome kuuzunguka hukauka, na maua yake ndiyo chakula cha nyuki wale wale. Fedha za mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu zinaweza kuanzia hapo.

Tena misitu hiyo hiyo ndiyo kuni za mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku. Kila msimu wa kukausha tumbaku unakula mtaji wa asali, na hakuna safu ya bajeti inayoonyesha hasara hiyo.

Kikao kijacho cha bajeti, diwani amwombe mweka hazina jedwali moja: ushuru wa tumbaku kwa kila msimu kati ya mitano iliyopita, na pembeni yake, mishahara na posho zilizolipwa kwa ushuru huo.

Wadau wa tumbaku na nyuki,
Tabora