Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Watoto: Binti yangu amekosa nini?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizoleta ofisini kwako hazikujibiwa.

Wiki tatu zilizopita, jioni, polisi na afisa wa ustawi wa jamii walibisha mlangoni kwangu hapa Uingereza, wakihofia kwamba nampeleka binti yangu Kenya akakeketwe. Sanduku lilikuwa wazi sebuleni: viatu vya watoto wa kaka yangu, dawa za presha za mama. Walikagua tiketi zetu za Mombasa, kisha wakataka kuzungumza na binti yangu wa miaka tisa peke yake chumbani. Alipotoka aliniuliza, "Mama, nimekosa nini?"

Alimwambia mwalimu wake kwamba tunakwenda kumwona nyanya. Sioni kosa jingine, ila labda jina letu la Kisomali. Darasani mwake kuna mtoto wa Kizungu anayekwenda Kenya hiyo hiyo, likizo hiyo hiyo, kutazama simba. Kwao hakuna aliyebisha.

Mheshimiwa, mimi nilikeketwa Garissa nikiwa na miaka saba. Naujua ule wembe kuliko waraka wowote ulio mezani kwako. Nimezaa mara mbili hapa kwa tabu kwa sababu yake, na kila mara mkunga aliniuliza, nikajibu, akaandika. Niliapa binti yangu hataguswa. Kenya yenyewe ina sheria ya kupiga marufuku ukeketaji tangu 2011, na mama yangu, aliyenishika mikono siku ile, ndiye leo anayewakataza majirani. Haya yote ningewaambia, lau wangeuliza.

Na aliyeshukiwa ni nani? Mimi tu. Baba wa watoto wangu alikuwa jikoni muda wote, hakuulizwa neno. Mwanangu wa kiume naye alitahiriwa mji huu huu, wala hakuna ofisi iliyotaka kujua.

Sheria mnayoitaja nimeisoma. Tangu Oktoba 2015 mwalimu analazimika kuripoti polisi iwapo msichana mwenyewe amemwambia kwamba amekeketwa, au ameona dalili mwilini. Safari ya kwa nyanya haimo. Sheria ya 2003 ya hapa dhidi ya ukeketaji nayo inamkinga mwanamke wa umri wowote, na haijali kama mwenyewe anaamini mila inamtaka akatwe. Lakini kliniki za urembo zinatangaza mchana kweupe kupunguza sehemu zizo hizo kwa mwanamke mwenye fedha. Ngozi yetu ndiyo inayogeuza jambo lile lile kuwa jinai?

Sisemi muache kuwalinda wasichana. Nani anataka walindwe kuliko mimi? Lakini mwaka jana ulikuja ukumbini kwetu, ukanywa chai yetu, ukaahidi kwamba familia itazungumzishwa kwanza, polisi baadaye. Tulikuwa akina mama zaidi ya arobaini. Tulikuamini.

Nilikuwa na madai mengi. Sasa ninabaki na hili: njoo wewe, au mtume yule afisa, mkae na binti yangu, mumwambie kwa vinywa vyenu kwamba hakukosa lolote. Mwambieni hakukosa. Tunasafiri tarehe 22, na mpaka leo amekataa kutia hata nguo moja kwenye sanduku. Njooni kabla ya siku hiyo.

Wako,
Mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Garissa