Kwa Nini Tunatoza Siku za Kupanga Majedwali

"Mmenitoza siku nne na bado sioni kitu kwenye kompyuta." Malalamiko haya hayaishi, na juzi mteja mmoja alifika mahali pa kusema tumemdhulumu. Hatukumdhulumu. Sisi hujenga hifadhidata, yaani mifumo ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za biashara, na siku zile nne za kupanga majedwali yake ndizo kazi yenyewe.

Wengi hutuletea lahajedwali moja ndefu, yaani faili la safu na mistari kama la Excel: jina la mteja, simu, anwani, bidhaa, bei, tarehe, vyote mstari mmoja. Wanataka tuipakie hivyo hivyo ilivyo. Zamani tuliwahi kukubali, baada ya kubembelezwa sana. Kumbe mdaiwa mmoja alikuwa ameandikwa kwa tahajia tatu, deni lake likagawanyika vipande vitatu na hakuna aliyemdai lote. Namba za simu zilikuwa zimepoteza sifuri ya mwanzo, maana Excel ikikuta tarakimu tupu huzichukua kama kiasi cha kuhesabu. Kusafisha kulikula muda kuliko kuanza upya, na ankara ya kusafisha ndiyo iliyomuumiza mwenye mali.

Sisi kwa kawaida hujenga hifadhidata ya kihusiano, yaani ya majedwali yanayounganishwa, mfumo ambao msingi wake uliwekwa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970. Wateja wana jedwali lao, bidhaa lao, mauzo lao. Kila mteja ana ufunguo wake usiojirudia, yaani alama ya kumtambulisha, na jedwali la mauzo hubeba ufunguo huo tu, bila anwani. Mteja akihama, unarekebisha mahali pamoja. Mtu akitaka kumfuta mteja mwenye mauzo, mfumo unamkatalia.

Lakini bei je? Ikipanda leo, ankara ya mwaka jana isomeke vipi? Hapo tunanakili bei ya siku ile ndani ya mauzo, kwa makusudi. Maswali ya namna hii ndiyo yanayomaliza zile siku nne.

Wengine huja wameshasikia kuhusu hifadhidata za nyaraka, kama MongoDB, ambazo hutunza kila rekodi kama waraka wenye sifa zake badala ya mstari wa jedwali, wakiamini hazihitaji kupangwa. Zinahitaji. Zinafaa sana pale kila bidhaa ina sifa zake: nguo ina saizi na rangi, friji ina lita na volti. Ila ukitia anwani ya mteja ndani ya kila oda bila kufikiri, umerudi kule kule kwenye lahajedwali. Tumeshahamisha duka zima kutoka hali hiyo, usiku baada ya usiku, tukilinganisha oda moja moja. Hifadhidata za grafu, zinazofuata nani kaungana na nani, duka la kawaida halizihitaji, na hatutakuuzia.

Fedha ikiwa ndogo, tutapunguza ripoti na kurasa, kwa kuwa hizo zinaongezeka baadaye. Siku za kupanga hatuzigusi. Ukija, njoo na stakabadhi halisi, hasa zile zenye matatizo: mzigo uliorudishwa, malipo ya nusu, oda iliyolipiwa na mtu mwingine.