Wanangu Mnaohamia Jeshi la Akiba, Hesabuni Miaka Yenu

Wanangu wa Afrika Mashariki mnaovaa magwanda ya Marekani,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Majuzi alinijia kijana wetu mmoja, miaka 9 jeshi la kudumu, 12 jeshi la akiba. Alishajumlisha: 21. Alikuwa akingoja ile barua ya miaka 20 inayomhakikishia mtu pensheni, na barua haiji. Tulipofungua karatasi yake ya pointi tukakuta miaka inayohesabika ni 17. Akaniuliza, "Mzee, minne imeenda wapi?"

Imeenda barabarani. Alipotoka jeshi la kudumu alishika lori la masafa marefu, kama wengi wenu, na wikendi za mazoezi zikawa zinampita akiwa Nebraska au Texas. Hakuna aliyemfokea, naye akadhani yamekwisha.

Sikilizeni. Ukiwa jeshi la kudumu, kila siku ni pointi 1, kwa hiyo mwaka unajaa wenyewe. Ukiingia akiba, mwaka unaujaza wewe. Unapewa pointi 15 kwa kuwamo tu. Wikendi moja ya mazoezi ni vipindi 4, yaani pointi 4. Zile wiki mbili za mazoezi ya kila mwaka ni pointi 14 hivi. Mwaka usiofika pointi 50 hauingii kwenye ile 20. Pointi zake hazitupwi, zitahesabiwa siku ya kupiga hesabu ya pesa, lakini mwaka wenyewe ni kama hukuwepo. Huyu kijana alikuwa na mwaka wa pointi 47. Tatu tu! Angeziba pengo kwa masomo ya jeshi yanayofanywa nyumbani, au kwa kusimama gwaride la heshima kwenye mazishi ya askari wastaafu. Nililia ndani kwa ndani nilipoiona ile 47.

Na mwaka huo hauanzi Januari. Unaanza tarehe uliyoingia jeshini, na ukikatiza utumishi kisha ukarudi, unaanza tarehe uliyorudi. Nimewauliza vijana sita tarehe yao, hakuna hata mmoja aliyeijua. Tarehe za mechi wanazijua!

Wengine mnaniambia mko akiba kumbe jina lenu limebaki IRR, ile orodha ya askari wa akiba wasio na kikosi, kule kwa kumalizia miaka 8 ya mkataba. Kule hakuna mazoezi, na zile pointi 15 pekee hazikufikishi popote.

Lawama hii naibeba pia pamoja na wazee wenzangu. Katika vikao vyetu tunachangishana kusafirisha maiti na tunauziana viwanja vya Kitengela. Mtoto akila kiapo cha uraia tunapiga picha naye. Ni lini tulimkalisha tukamweleza kwamba akitoka mwaka wa 10 bila kuingia akiba, pensheni hana? Badala yake tunamwambia wikendi ya mazoezi inamnyima siku ya kazi yenye malipo. Ni sisi tuliomwambia hivyo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Miaka 10 ya kudumu ni pointi kama 3,650. Miaka 10 ya akiba, bila kukosa, ni 77 kwa mwaka (15 za kuwamo, 48 za wikendi 12 na 14 za zile wiki mbili), yaani 770. Jumla 4,420. Gawanya kwa 360, unapata miaka 12 na ziada. Mlioingia tangu Januari 2018 mnazidisha kwa asilimia 2, sisi wa zamani kwa 2.5. Kwenu inakuja kama asilimia 24 na nusu ya wastani wa mshahara wa msingi wa ile miezi 36 iliyo minono kuliko yote. Ndiyo maana msiguse TSP yenu, ile akiba ya uzeeni mnayoweka kutoka kwenye mshahara, ambako serikali huchangia hadi asilimia 5 ya mshahara huo.

Mengine nayataja tu. Pensheni ya akiba huanza ukifika miaka 60, si siku unayovua magwanda. Kuitwa kazini tangu Januari 28, 2008, kwa amri zinazostahili, hupunguza umri huo miezi 3 kwa kila siku 90, lakini si chini ya 50. Bima ya afya ya wastaafu bado hungoja 60. Ukilipwa fedha za kuachishwa, zitakatwa baadaye kwenye pensheni. Barua ya miaka 20 ikifika, una siku 90 za kuamua mkeo au mumeo atabaki na nini ukifa. Pesa haziji zenyewe, unaziomba. DD 214, ile karatasi unayopewa ukitoka jeshi la kudumu, itunze kama cheti cha kuzaliwa.

Yule kijana amerudi kikosini, anadaiwa miaka 3. Nanyi wengine, Jumamosi alasiri nipo nyumbani. Njooni na karatasi ya pointi tuisome mstari kwa mstari, chai itakuwepo. Aliye mbali anipigie, lakini awe ameishika mkononi.

Mzee wenu,
mstaafu wa jeshi la akiba