Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Maji, Nyasi na Sheshe wa Bonde la Kilombero

Ndugu wanachama,

Bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na kilomita za mraba karibu 8,000 kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge. Sehemu kubwa ya maji ya Mto Rufiji hutoka hapa. Bonde la namna hii linastahili takwimu za kuaminika, na kamati yenu inakiri kwamba nyingi ya takwimu tulizokusanya miaka iliyopita haziwezi kulinganishwa mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo mwaka huu hatukuongeza vituo vipya. Tulikaa kurekebisha namna ya kupima.

Nianze na sheshe, swala wa nyanda za maji. Kwa muda mrefu bonde hili lilihesabiwa kuwa makazi ya takriban robo tatu ya sheshe wote duniani, na wamepungua sana. Wamepungua kiasi gani, hapo ndipo hesabu zetu zinapoyumba. Mstari wa kuhesabia, yaani njia iliyonyooka anayoipita mhesabuji, ukipitwa kabla ya moto wa nyasi, nyasi zikiwa zimemzidi mtu kimo, mhesabuji hamwoni sheshe aliye mbali ya mita 30 au 40. Mstari huohuo ukipitwa wiki tatu baada ya moto, anaona kundi lililo mita 300, na sheshe wenyewe wameshahamia pale kufuata majani machanga. Anayesoma jedwali peke yake atasema wanyama wameongezeka, kumbe kilichobadilika ni nyasi.

Sasa kila kikundi kinaandika kama mahali pameungua au la, na kinapima kimo cha nyasi kwa kijiti chenye alama kila baada ya mita 200. Umbali unaoingia kwenye hesabu ni ule unaokata mstari kwa pembe mraba, si ule wa kutoka kwa mhesabuji hadi kwa mnyama. Sheshe aliyeonekana mita 120 mbele, kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka kwenye mstari, yuko mita 60 kutoka kwenye mstari. Kosa lililojirudia zaidi ni kuandika pembe kuwa sifuri kila mnyama anapokuwa mbele-mbele. Wanyama wengi wakionekana kusimama juu ya mstari, makadirio ya idadi yanapanda bila sababu. Soma dira kwanza, kisha andika. Tena pima pale kundi lilipokuwa ulipoliona mara ya kwanza, kwa sababu likishastuka na kukimbia umbali huo hauna maana. Kuhesabu sheshe kwa vinyesi tumekuacha kabisa mahali mbuzi wanapopita, maana vya mbuzi na vya sheshe huchanganywa hata na watu wazoefu.

Mabomba ya kupimia maji ya ardhini ndiyo yaliyotupa kazi kubwa kuliko yote. Tunatumia bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa mita 2, lililokatwa mianya kwa msumeno wa chuma kwenye sentimita 50 za chini na kuvishwa kitambaa cha nailoni. Likishaingia shimoni, mchanga mnene wa mtoni unajazwa kuzunguka sehemu yenye mianya, na juu ya mchanga unashindiliwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri. Mfinyanzi huo ukikosekana, mvua inateremka kandokando ya bomba na msomaji anapima maji ya mvua akidhani ni maji ya ardhini. Katika udongo mweusi wa mbuga kuna taabu ya pili: kiangazi udongo unapasuka, nyufa zinapitia kwenye mfinyanzi, na bomba linainama. Kila bomba linakaguliwa mwezi Oktoba na kushindiliwa upya kabla ya mvua za Novemba.

Kusoma ni rahisi. Mrija mwembamba uliofungwa kwenye futi kamba unateremshwa huku msomaji akiupuliza taratibu, na pale mapovu yanapoanza kusikika ndipo usawa wa maji ulipo. Kutoka kwenye kipimo hicho ondoa kimo cha bomba kilicho juu ya ardhi. Madaftari kadhaa hayakufanya hivyo, na maji yalionekana kuwa chini zaidi ya yalivyo. Kwa bahati nzuri mabomba bado yamesimama, hivyo kimo kimepimwa na namba zimesahihishwa.

Mnana wa Kilombero, ndege ambaye sayansi ilimpa jina mwaka 1990, husuka viota kwenye matete ya kando ya mto. Matete yakifyekwa au kuchomwa, koloni nzima linakosa pa kukaa. Idadi ya viota si idadi ya ndege: minana madume husuka viota vingi kuliko vinavyotagiwa. Hesabuni mkiwa kwenye mtumbwi, na vya kijani kibichi viandikwe mbali na vya kahawia vilivyobaki msimu uliopita.

Hapa ndipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inapotuhusu, na zile mita 60 za ukingo wa mto ambamo inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira. Mkulima wa mpunga anayepima Septemba kutoka maji yalipo na mwingine anayepima Aprili wanapata mistari miwili tofauti kabisa, kila mmoja akiamini ametii sheria. Ushauri wetu kwa vijiji ni kupima kutoka ukingo wa juu wa mkondo na kupanda alama za kudumu za miti, kisha kuzikagua baada ya kila mafuriko, kwa kuwa mto huu huhama.

Kuhusu moto, kamati inashikilia msimamo wake: choma mapema, nyasi zinapoanza kukauka Juni na Julai, vipande kwa vipande, jioni ili umande uuzime. Moto wa Septemba na Oktoba ni mkali, unaingia kwenye matete na misitu ya kando ya mito, na haubakizi maficho kwa ndama wa sheshe.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Wanaokuja na watafiti wageni wakumbuke kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na cha TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) kwa utafiti wa wanyamapori, kabla ya kuingia bondeni.

Vijiti vipya vya kupimia nyasi vitagawiwa Ifakara tarehe 2 Februari, Siku ya Ardhioevu Duniani. Kila kikundi kije na madaftari yake ya zamani, hata yaliyolowa, ili vimo vya mabomba viandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kila daftari.