Barua kwa mwanangu: kumbe begi ulishapaki

Mwakeye mama. Nimefika salama, pale Tabora nilishuka nikanunua asali, na yule mama wa Uvinza niliyekaa naye siti moja ameshajua habari zako zote mpaka GPA, nisamehe. Naandika maana kwenye simu ntalia tu na salio litaisha bure.

Mahafali yenyewe ya Chimwaga, hapo chuo kikuu Dodoma, sina mengi, joho lilikukaa, watu walikuwa wengi nikakuona kwa mbali. Kilichoniingia ni ile sherehe ya jioni ya taasisi iliyokulipia ada, mlivyopangwa mbele wahitimu wote waliowasomesha mkapewa maiki mmoja mmoja. Wenzio wakamshukuru Mungu na wafadhili wakakaa. Wewe ukasema mwaka wa tatu ulishapaki begi unarudi nyumbani. Mi nina soda mkononi, nikamuuliza baba wa watu pembeni eti kasemaje huyu.

Mwaka wa tatu ndo 2024, Ziwa Tanganyika limefungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sisi kupumzika tumezoea, mbalamwezi ikiwaka dagaa haji kwenye taa na vipe, mitumbwi ya kuvulia, vinalala ufukweni, lakini hizo ni siku chache, sio miezi mitatu mizima. Kibirizi pale mwaloni chanja za kuanikia dagaa tupu, hata kunguru walihama. Nikikupigia nasema biashara ipo ipo tu mwanangu, na wewe unasema masomo yanaenda mama. Kumbe mi nimeshauza cherehani na wewe una sapu mbili, mitihani ya kurudia, na nauli ya kurudi umeiweka kwenye kiatu. Kila jumapili tunapigiana simu tunadanganyana alaf tunaombeana dua!

Sasa nikwambie na la kwangu. Yule dada mlezi wako, uliyegawiwa na taasisi akuangalie chuoni, nilikuwa simpendi. Ile fomu ya taasisi ilivyokuja ukimaliza form six nilikaa nayo chini ya godoro siku nne, nakwambia leo, maana mabinti wangapi tumeona hapa wamechukuliwa wanaenda "kusomeshwa" mjini wakaishia kufua na kubeba watoto wa watu. Baadae ada ikawa inalipwa kweli, uoga ukaisha ukaingia wivu. Dada kasema hivi, dada kashauri vile, mara dada kanifundisha kuandika sivii, nikawa najiuliza mimi mama mtu nimebaki na kazi ya kutuma dagaa na mawese tu au vipi.

Na miaka yote hiyo watu wakiniuliza nasema mwanangu anasomeshwa na taasisi, nikimaanisha hela. Lakini kwa ulivyoeleza mwenyewe pale mbele, ada ya mwaka ule ilikuwa imeshalipwa yote na begi ukapaki vilevile. Kilichokubakiza ni huyo dada kuja hosteli na bajaji saa tatu usiku na chipsi, asikuhubirie, aseme tule kwanza, alaf mkakaa na ratiba ya sapu mkaanza kuhesabu siku, lile gumu lisomwe asubuhi, lile lingine jioni, na akarudi kesho yake, na keshokutwa. Mi nilikuwa Kigoma nahesabu chanja tupu. Hapo soda nikaiweka chini.

Nilimfuata nimshukuru, maneno yakagoma, nikamwambia tu njoo Kigoma ule mgebuka kwa ugali wa muhogo. Akacheka akasema samaki hali. Nimemsamehe, Dodoma huko wamezoea nyama. Ile asali ya Tabora ni ya kwake, ntaituma na wewe utampelekea.

Intanshipu ikianza ukapangiwa wodi ngumu niambie mimi pia, sio yeye peke yake, hata kama ziwa limefungwa. Na mi ntasema, cherehani nyingine ikiuzwa utajua siku hiyohiyo. (Ipo mpya, usiogope.)

Nimesikia na wewe mmegawiwa wa kuwalea na wako ni binti wa Kasulu, kamaliza form six juzi na fomu hajarudisha. Usimsumbue mtoto. Nitumie namba ya mama yake nimpigie mimi, hiyo fomu najua iko wapi.

Mama yako